London kwa mwendo wa Mama

Ukiwa na mama wa miaka 72 na mtoto wa miaka 6, ratiba ya matembezi ya mjini hupangwa na magoti ya mmoja na tumbo la mwingine. Vitabu vya watalii vinakupa mahali kumi pa kuona London kwa siku, na kijana mwenye miguu mizuri, asiye na wa kumsubiri, ataweza kupapitia pote na kurudi na picha. Sisi tulikuwa watano: mimi, baba watoto, mtoto wetu wa kiume wa miaka 14, mdogo wake wa kike, na Mama yangu, ambaye tambarare anatembea vizuri lakini ngazi zinamshinda. Tulifikia kwa kaka yangu huko Barking, mashariki ya jiji, na Jumatano moja ya mwezi wa nane ndiyo siku tuliyopata kutoka wote pamoja kabla baba watoto hajarudi kazini Tanzania.

Orodha tulikuwa nayo, tena ndefu. Kila aliyesikia tunasafiri alituongezea jambo: msikose lile gurudumu kubwa, msikose zamu ya walinzi wa mfalme, msikose makumbusho. Usiku wa kuamkia siku hiyo kaka alitandaza ramani mezani akafuata kwa kidole mto Thames unavyojipinda katikati ya mji. "Dada," akaniambia, "chagueni vitu vilivyo ukingoni mwa huu mto, vingine viacheni. Mkianza kurukaruka huku na huku, Mama atamaliza siku yake chini ya ardhi, kwenye treni."

Ushauri huo ndio uliotengeneza siku yetu. Mto unakupa mstari. Hurudi ulikotoka, huvuki mji mara tatu, na mtu akichoka anajua tumefika wapi na kumebaki nini.

Tukakubaliana kila mtu ataje kitu kimoja tu anachotaka kukiona. Si viwili. Nimekuja kuamini kwamba hii ndiyo sheria bora ya matembezi ya familia, kwa sababu mtoto anayejua kuwa chake kinakuja huvumilia cha mwenzake. Mkubwa alitaka Tower of London, ngome ya kale ya wafalme, kwa ajili ya almasi. Mdogo alitaka daraja linalofunguka. Baba watoto alitaka Greenwich, mahali ambapo saa za dunia zinaanzia kuhesabiwa. Mimi nilitaka kupanda boti. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mimi nipelekeni kwenye kaburi la Livingstone."

Watoto walishangaa. Mimi sikushangaa, na sababu yake nitaieleza tukifika huko.

Mambo ya nauli tuliyamaliza usiku uleule, na nashauri kila familia ifanye hivyo, maana hakuna kinachokera kama kusimama kwenye lango la stesheni huku watu wa kazini wamejipanga nyuma yako. Mabasi ya London hayapokei pesa taslimu tangu 2014. Unagusisha kadi ya benki au kadi ya usafiri iitwayo Oyster, na kila mtu mzima lazima awe na kadi yake. Huwezi kugusisha moja kwa ajili ya wawili. Ukitumia kadi ileile kutwa, mfumo unakuhesabia hadi kikomo cha siku, ukishafika hapo treni na mabasi yanayofuata hayakukati zaidi. Mtoto wa chini ya miaka 11 hupanda bure akiwa na mtu mzima. Kwa mkubwa wetu tulinunua Oyster, mfanyakazi wa stesheni akaiwekea punguzo la watoto wageni wa miaka 11 hadi 15, nauli ikawa nusu. Dakika chache tu, na kwa siku kadhaa za kukaa mjini fedha inayobaki mfukoni inaonekana.

Tower hufunguliwa saa tatu asubuhi siku kama ile, nasi tulikuwa pale mapema. Kutoka Barking treni ya laini ya District inakwenda moja kwa moja hadi Tower Hill, na stesheni zote mbili zina lifti. Hilo la lifti nililiangalia kabla, kwa sababu stesheni nyingi za mji ule ni za zamani (treni ya kwanza ya chini ya ardhi ilianza 1863) na kwingine hakuna namna ya kutoka ila ngazi. Treni ilijaa, lakini binti mmoja alimwona Mama akainuka bila kuombwa. Mama alimshukuru kwa Kiswahili, yule binti akaitikia kwa tabasamu.

Kwenye Tower watu wengi huanza na jambo la kwanza wanaloliona mlangoni. Sisi tulipita moja kwa moja hadi kwenye vito vya ufalme, maana hiyo ndiyo foleni inayorefuka kuliko zote kadiri jua linavyopanda. Mbele ya mataji kuna ukanda wa sakafu unaotembea wenyewe, unakusogeza taratibu usigande pale. Kwa kuwa watu walikuwa bado wachache, mkubwa alishuka mwisho wa ukanda akazunguka akapanda tena.

Alichokuwa anakitazama ni kipande kikubwa kuliko vyote cha almasi ya Cullinan, kilichopachikwa kwenye fimbo ya mfalme: karati 530. Jiwe zima lilipatikana Afrika Kusini mwaka 1905 likiwa na karati 3,106, yaani zaidi ya nusu kilo. Akauliza kwa sauti ambayo watu waligeuka: "Sasa kwa nini liko huku?" Baba yake alimweleza kwamba serikali ya Transvaal, koloni la huko Afrika Kusini, ililinunua ikampa Mfalme Edward VII mwaka 1907, miaka michache baada ya Waingereza kuitwaa nchi ile kwa vita. Mkubwa akasema, "Na waliolichimba?" Tukatoka nje tukaketi na swali hilo. Hatukuwa na haraka, basi lilijadiliwa vizuri: nani anaweza kutoa zawadi, na ya kwake nani. Sikumbuki lini tena nimemsikia kijana wangu akizungumza kwa muda mrefu hivyo na baba yake bila simu mkononi. Ratiba iliyobanwa ingetuvuta kwenda mnara unaofuata, na swali lile lingekufa njiani.

Mnara Mweupe, ule wa katikati ulioanzishwa na William Mshindi katika miaka ya 1070, una ngazi nyembamba za kujizungusha. Mama aliutazama juu hadi chini akasema, "Nendeni, mimi hapa." Hili nalo linahitaji kusemwa wazi: familia haipaswi kushikana mikono siku nzima. Tuligawana. Baba watoto akapanda na watoto, mimi na Mama tukakaa kwenye benchi na kutazama kunguru. Wanafugwa pale, si chini ya sita, kwa sababu ya imani ya zamani kwamba wakiondoka ufalme utaanguka. Ni weusi tititi, wakubwa kuliko kunguru wetu wa pwani, na wanatembea kwenye majani kama wenye nyumba. Mlinzi mmoja mwenye sare alisimama karibu akieleza habari zao, nikawa namtafsiria Mama, naye akawa anaongeza zake za kunguru wa Bagamoyo wanaoiba sabuni kisimani. Kila tunapogawana tunataja mambo mawili kabla ya kuachana: benchi gani, na saa ngapi. Mdogo alikuwa na karatasi mfukoni yenye namba yangu ya simu na ya kaka.

Daraja linalofunguka ni Tower Bridge, liko palepale ubavuni. Wengi hufika, wakalipiga picha likiwa limefungwa, wakaondoka. Kumbe ratiba ya kufunguka kwake hutangazwa mtandaoni, na ndiyo iliyotuamulia saa ya kutoka Tower: saa tano kasorobo. Linafunguliwa karibu mara 800 kwa mwaka, na chombo kinachotaka kupita lazima kiombe angalau saa 24 kabla, hakilipi kitu. Tulisimama ukingoni, upande wa Tower, mdogo akiwa mabegani kwa baba yake. Taa zikawaka nyekundu, magari yakasimama, waenda kwa miguu wakazuiwa, kisha barabara yenyewe ikakatika katikati na kuinuka, lami na mistari yake ikielekea angani. Jahazi moja lenye milingoti mirefu likapita bila haraka. Mdogo hakusema neno mpaka pande mbili zilipokutana tena. Halafu maswali yakamwagika. Nani anafungua? Mtu aliye ndani, kwa mitambo ya mafuta na umeme. Tangu daraja lilipofunguliwa mwaka 1894 hadi 1976 ilikuwa nguvu ya mvuke. Kwa nini magari makubwa yakubali kusubiri boti moja? Kwa sababu katika daraja lile mto una haki ya kwanza kuliko barabara. Jibu hilo lilimpendeza sana, alilirudia kutwa.

Saa tano na nusu tukala, hakuna aliyekuwa amelia njaa bado. Wifi yangu alitufungia chapati, mayai na ndizi. Ukingoni kuna mabenchi, na chakula cha begi kina heri mbili: hakikugharimu, na hakina foleni. Mtoto ukimlisha akiwa tayari ameshanuna, utapoteza saa nzima inayofuata kumbembeleza. Ni bora ale kabla.

Kutoka pale hadi Westminster njia ya haraka ni treni. Sisi tulipanda basi namba 15, linalopita Kanisa la St Paul's, likafuata Fleet Street na Strand hadi karibu na Trafalgar Square. Baba na watoto walikwenda juu, kwenye viti vya mbele kabisa, wanakoona mji kama wanauendesha wao. Mama alikaa chini nami, kwenye viti vya wazee. Mabasi yote ya London yana sakafu ya chini na kibao cha kuteremshia kiti cha magurudumu, kwa hiyo mzee haparamii ngazi kuingia. Nami nawaambia wanaosafiri na wazazi: msilidharau basi la kawaida. Mama aliona mengi mle ndani kuliko angeona kwenye basi la watalii. Aliona mama wa Kisomali na mapacha wake, wanafunzi, fundi wa rangi na ndoo zake, kila mmoja akishuka kwenye shughuli yake.

Tulipofika St Paul's simu yangu ililia. Mkubwa, kutoka juu: "Mama, tushuke!" Kuba lile linavuta kweli. Christopher Wren alilijenga kati ya 1675 na 1710, baada ya moto wa 1666 kuliteketeza kanisa la kabla yake, na ukitaka kufika kileleni unapanda ngazi 528. Nilimwambia hatushuki, jioni tutaliona tena kutoka mtoni. Alinung'unika. Lakini siku ya familia hulindwa na mambo unayoyapita dirishani. Lile moja tu lingekula saa mbili, na hizo saa mbili zilikuwa za Mama.

Tulishuka stesheni ya Charing Cross kwa sababu moja isiyoandikwa kwenye vitabu: vyoo vyake ni bure na ni safi. Kila kituo cha siku hiyo nilikipangia choo chake kabla, na hakuna hata mmoja aliyehangaika. Kisha tukapanda basi jingine linaloteremka Whitehall. Ndani ya saa moja tangu kugusisha kadi mara ya kwanza, mabasi yanayofuata huhesabiwa nauli ileile moja, basi kituo kile kifupi hakikutuongezea gharama.

Tulitokea kwenye uwanja wa Bunge dakika chache kabla ya saa saba. Mdogo alijipanga kuhesabu kengele ya Big Ben. Kengele yenyewe ina uzito wa tani 13.7 na ilianza kupiga mwaka 1859. Zikaimba zile ndogo kwanza, halafu ile kubwa ikapiga mara moja. Akasubiri. Akanitazama: "Nyingine sita ziko wapi?" Mama alicheka akamvutia pembeni, akamweleza kwamba sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza na wenyeji wa pale wanahesabu tangu katikati ya usiku na tena tangu mchana. Mtoto alielewa pale pale, kwa kengele moja, jambo ambalo nimemfundisha mara nyingi kwa saa ya ukutani. Pale ndipo penye watu wengi kuliko kwingine kote, na simu hunyakuliwa mikononi na watu wa baiskeli, kwa hiyo zetu zilibaki ndani ya begi. Picha tulipiga mbali na barabara.

Tiketi za Westminster Abbey, kanisa alimozikwa Livingstone, zilikuwa za saa saba na nusu. Kwa atakayekwenda: mlango wa wageni hufungwa mapema alasiri, na Jumapili ni ibada tu, watalii hawaingii. Ndiyo maana tuliliweka katikati ya siku, si mwisho.

Mama alikulia Bagamoyo. Alipokuwa mdogo alizoea kupita karibu na mnara wa kanisa la kale la wamisionari, ambao hadi leo unaitwa mnara wa Livingstone, kwa kuwa mwili wake ulilazwa pale Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Hadithi aliyopewa na babu yake haikuwa hasa ya yule mzungu. Ilikuwa ya waliombeba. Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti, alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambako leo ni Zambia. Watu wake wangeweza kumzika hapo wakaenda zao. Badala yake walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa kaniki na maganda ya mti uonekane kama mzigo wa nguo, kwa sababu njiani watu waliogopa maiti isipite kwao. Wakiongozwa na Chuma na Susi, wakatembea miezi karibu tisa, zaidi ya kilomita 1,600, hadi pwani. Wengine walifia njiani.

Tukapita makaburi ya wafalme bila kukawia. Watu zaidi ya 3,000 wamezikwa katika jengo lile, na wafalme wa Uingereza wanavishwa taji humo tangu 1066. Ukisema usome kila jiwe utalala humo. Lake Livingstone liko sakafuni katikati ya ukumbi mkuu, watu wanapita juu yake. Mama alisimama pembeni, asikanyage. Mkubwa akainama kumtafsiria maandishi, yanayoanza kwa kusema kwamba alifikishwa hapo na mikono yenye uaminifu, kwa nchi kavu na kwa bahari.

"Mikono ya nani?" Mama akauliza.

Mkubwa akasoma tena mpaka mwisho. "Hawajataja, Bibi."

Mhudumu mmoja alileta kiti bila kuambiwa, Mama akaketi, watoto wakakaa chini mbele yake, na pale pale, katikati ya watu waliovaa vipokea sauti masikioni, akawasimulia yote tangu Chitambo hadi Bagamoyo. Alitaja majina. Chuma, aliyeokolewa utumwani akiwa kijana. Susi. Jacob Wainwright, aliyejua kusoma na kuandika, ndiye aliyesafiri na jeneza mpaka Uingereza na kuwa miongoni mwa walioshika jeneza siku ya mazishi, tarehe 18 Aprili 1874. Chuma na Susi hawakuwepo. Waliletwa baadaye, mazishi yakiwa yamekwisha. Mdogo alitaka kujua kama miguu yao iliuma. Mama akamwambia, "Iliuma sana, na hawakuutupa mzigo."

Tulikaa kwenye jiwe lile moja karibu nusu saa. Baba watoto, ambaye alikuwa amelikubali kaburi hilo kwa heshima tu, alimwomba Mama arudie sehemu ya Unguja. Tangu siku hiyo, yeyote anayeniuliza aanzie wapi katika mji mkubwa wa watu, namwambia atafute kwanza uzi unaotoka kwao na kufika pale. Upo. Miji mikubwa imejengwa kwa vilivyotoka kila mahali, na mtoto akishika uzi wa kwao hachoki upesi, kwa sababu anachokitazama kinamhusu.

Saa tisa tulikuwa St James's Park, mwendo mfupi kutoka hapo, na kwenye ratiba niliandika muda wa kupumzika kwa saa na dakika, sawa na tiketi. Watu wengi wanaacha mapumziko yajitokeze yenyewe. Hayajitokezi. Mama alitandika kanga kwenye majani akaswali Adhuhuri na Alasiri kwa pamoja kama msafiri, kisha akanyoosha miguu. Mdogo alilala fofofo mapajani kwa baba yake. Mkubwa alikwenda ziwani kuwatazama mwari, ndege ambao wamekaa katika bustani ile tangu 1664, balozi wa Urusi alipowaleta zawadi kwa mfalme. Ng'ambo ya bustani lipo kasri la Buckingham, na zamu ya walinzi ilikwisha tangu asubuhi. Hatukuitaka. Ili uione unafika mapema mno, unasimama, na mtoto wa miaka 6 anaona migongo.

Saa kumi na moja tukashuka gati la Westminster. Boti hazimo katika kile kikomo cha nauli cha siku, watoto hulipa nusu, na kwangu mimi ile ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko zote. Mama aliingia bila ngazi hata moja, akakaa dirishani, na mji tuliouhangaikia kutwa ukaanza kupita mbele yake wenyewe: lile gurudumu la mita 135, kuba la St Paul's ambalo mkubwa alilidai, Tower na kuta zake, na mwishowe daraja. Tulipopita chini yake mdogo aliwaeleza abiria wa viti vya jirani, kwa Kiingereza chake cha darasa la kwanza, kwamba mto una haki kwanza. Baada ya daraja nahodha akaongeza mwendo, boti ikainua pua, na upepo ukawaamsha wote waliokuwa wanasinzia.

Greenwich tulifika jua bado lipo juu, maana mwezi wa nane kule halizami hadi karibu saa mbili usiku au baadaye. Mama na mimi tulibaki karibu na Cutty Sark, merikebu iliyoundwa 1869 kubeba chai kutoka China, nayo inatazamwa vizuri kutoka nje. Baba watoto alipanda kilima na watoto wote wawili. Kituo cha kutazamia nyota kilichojengwa 1675 kilishafungwa kwa siku hiyo, lakini alijua jambo moja: mstari wa longitudo sifuri umewekewa alama pia nje, kwenye njia ya miguu ukutani, na hapo hapalipiwi. Nchi nyingi zilikubaliana kuufuata mstari huo mwaka 1884, kwenye mkutano uliofanyika Washington.

Walirudi wakibishana. Mkubwa alikuwa amepiga simu nyumbani akiwa mguu mmoja mashariki na mwingine magharibi, na shangazi yake akamwambia ni saa mbili na dakika ishirini usiku, wakati yake ilisema kumi na mbili na dakika ishirini. "Baba, ulisema tofauti ni saa tatu." Ni tatu kweli, kwa hesabu ya mstari, lakini majira ya joto Uingereza husogeza saa mbele kwa moja. Kwa hiyo hata pale penye mstari wenyewe, saa za watu hazifuati mstari. Baba watoto alifurahi kuliko mtu yeyote. Alikuwa amebeba hamu ya kuona mahali pale tangu akiwa shule ya sekondari, na ikaja ikamalizikia kwenye mabishano na mwanawe.

Kurudi tulipanda DLR, treni isiyo na dereva mbele, na mdogo akakaa kwenye kiti cha mbele kabisa akiongoza reli kwa mikono yake miwili hadi tulipobadilisha.

Nimeulizwa na wengi kuhusu zile kadi zinazouzwa kwa bei moja zikakuruhusu kuingia mahali kwingi kwa siku. Kwa kijana huenda zikafaa. Kwa familia yenye mzee na mtoto sizipendekezi, kwa sababu ukishainunua unaanza kuhesabu umeingia mara ngapi ili ilipe, na kila benchi unalokalia unaliona hasara. Mabenchi yalikuwa sehemu nzuri kuliko zote za siku yetu.

Kesho yake Mama alibaki na wifi. Nilitoka na mkubwa peke yake kwenda British Museum, ambako kuingia ni bure, nikamwachia achague kitu kimoja kama kawaida. Akachagua jiwe kutoka Olduvai, zana ya kukatia yenye umri wa takriban miaka milioni 1.8, lililookotwa na Louis Leakey kwenye bonde letu mwaka 1931. Alilizunguka sana. Kisha akasema Bibi lazima alione. Tukamwuliza mhudumu habari za ngazi, akatuonyesha lifti zilipo, nikatazama saa za kufunga: Ijumaa hukaa wazi hadi saa mbili na nusu usiku, na jioni watu hupungua. Tukapanga Ijumaa, baada ya Alasiri.